Arbia na Mtoto wa Chifu

Mimi ni mpishi. Nilizaliwa Kipini, pale Tana inapoingia baharini, na nimepika katika shule ya serikali ya Geedadde tangu ilipofunguliwa mwaka wa arobaini na nane. Geedadde ni kituo kidogo kando ya mto huo huo, mwendo wa siku moja wa ngamia kutoka Garissa. Watu wa huku herufi ya p huwashinda, kwa hiyo badala ya Mpishi huniita Mbishi, na kwa jinsi nilivyo sijaona haja ya kuwasahihisha. Nina hasira za karibu, nakiri. Lakini hii niliyo nayo leo nimeilea muda mrefu. Kila mwaka serikali huchapisha kitabu cha taarifa za shule zake, chenye picha, na katika taarifa zote za shule yetu Chifu Bare yumo mara nne. Mkewe Faduma yumo na blanketi lake. Sungura wa shule yumo. Arbia hayumo. Basi nitamwandika mimi, kwa penseli hii hii ya jikoni.

Arbia alikuwa mke wa Abkul, mchota maji. Abkul alikufa kisimani kule Habaswein, ukuta wa kisima ulipomporomokea akiwanywesha ngamia wa mtu mwingine. Alimwachia mkewe mbuzi watatu na mtoto wa kiume aitwaye Nunow. Kiangazi kikala mbuzi wawili, na wa tatu wakamla wao wenyewe njiani, wakifuata mto. Walipofika Geedadde mama alikuwa na mtoto wa miaka sita mgongoni, njaa imemmaliza miguu, na kibuyu kitupu mkononi. Akaanza kuchukua maziwa kwa wake za wafugaji porini na kuyaleta kituoni kuuza. Ndivyo nilivyomjua. Mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo.

Siku ya kwanza nililalamika kwamba maziwa yake yananuka moshi. Akanieleza, kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwamba kibuyu hufukizwa kwa kuni maalumu ili maziwa yasiharibike, na kwamba maziwa yasiyo na moshi ni ya ndama. Nikanunua, nikanyamaza. Si watu wengi walioninyamazisha mimi katika maisha yangu.

Sasa tuje kwenye mambo ya serikali. Mwaka ule wa arobaini na nane ulikuja Mpango wa Viongozi wa Kesho. Mzungu aliyesimamia shule za upande huu, ambaye sote tulimwita Bwana Elimu, aliwakusanya machifu akawaambia kila mmoja atoe mwanawe mmoja. Serikali itamlisha, itamvisha, itamlaza kitandani na kumfundisha kuongoza watu. Baada ya miaka minane itamrudisha. Yote bure.

Lazima nieleze maneno hayo yaliingiaje masikioni mwa machifu. Wakati wa vita, serikali hiyo hiyo iliwaita machifu hao hao ikataka ngamia wa mizigo, na ikaahidi kuwarudisha. Kila chifu akatoa. Mmoja alitoa ngamia kiguru, mwingine chongo, mwingine mzee asiye na jino hata moja. Serikali haipewi ngamia mzima, mtu mwenye akili zake hafanyi hivyo. Na kweli hakurudi hata mmoja. Basi serikali iliposema safari hii inataka watoto, machifu walitazamana, wakasema tumekubali, wakaenda makwao kutafuta watoto wa kupoteza.

Chifu Bare alikuwa na mwana mmoja wa kiume, Diriye, mtoto wa Faduma, mwenye miaka minane. Alimsafirisha upesi kwenye makambi ya ngamia upande wa Wajir. Kisha akamtuma mtu kumwita Arbia.

Masharti yalikuwa mepesi kuyasema. Nunow ataandikwa Nunow Bare, mwana wa chifu. Atakula kila siku. Arbia asimwite mwanangu mbele ya mtu yeyote, wala asikubali kuitwa mama, kwani mambo yakijulikana mtoto atafukuzwa na yeye atafukuzwa kituoni. Arbia aliomba siku moja ya kufikiri, akapewa mpaka adhuhuri. Aliniambia baadaye kwamba hakufikiri kitu. Alikaa tu akimtazama mtoto akila ukoko niliompa, akimtazama anavyotafuna.

Wiki hiyo waliwasili wana kumi na wawili wa machifu, na mimi ndiye niliyewaogesha. Sijapata kuona wana wa wakubwa wenye mbavu za namna ile. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama namjua baba yake anaitwa nani, maana alikuwa amesahau njiani. Nilimwambia. Bwana Elimu akawapanga mstari, akawapiga picha, na chini ya picha akaandika kwamba hawa ndio vijana wa nasaba bora wa mpaka wa kaskazini.

Mwezi wa kwanza Nunow alimwona mama yake mlangoni mwa jiko na vibuyu vyake, akaita “Hooyo,” yaani mama kwa Kisomali. Arbia aliendelea kumimina maziwa. Mtoto akaita tena, akavuta guo lake. Arbia akatazama nyuma yake, kama anayemtafuta huyo anayeitwa, kisha akachukua vibuyu akaondoka. Mimi nilimkimbilia nikamwambia maneno makali, kwamba hata fisi humjibu mwanawe. Nilipomtazama usoni nikaona nimesema upuuzi, nikarudi jikoni.

Basi mtoto akajifunza kumwita eedo, shangazi, kama wanavyowaita wanawake wote. Na Arbia akajizoeza kutogeuka. Watoto kumi na wawili wakipiga kelele uwanjani, mmoja akaita hooyo kwa mzaha au kwa maumivu, yeye hageuki. Kazi ngumu kama hiyo sijapata kuiona mtu akiifanya, na mimi nimesonga ugali wa watu mia.

Uongozi nao ulifundishwa, msidhani. Walifundishwa kukaa kitini bila kukunja miguu, kula kwa kisu na uma maharagwe yanayolika vizuri tu kwa kijiko, na kusimama wima bendera inapopanda. Halafu Bwana Elimu akasema kiongozi lazima ajifunze kubeba dhamana, akaleta sungura mmoja kwenye sanduku, akawapa watoto wote kumi na wawili wamlee. Jamani! Watoto hawa wametoka porini. Mtoto wa miaka saba huku anachunga mbuzi hamsini peke yake, simba akiwa karibu, na jioni anawarudisha wote hamsini. Waliandikiwa zamu ya kumpa sungura majani. Nunow aliniuliza kwa heshima kama Wazungu huchinja sungura huyu siku ya Idi yao. Nikamwambia hapana, ni wa kujifunzia dhamana. Akafikiri sana, akaenda kumpa majani.

Kila mwaka ilikuwapo Siku ya Wazazi. Chifu Bare na Faduma waliketi viti vya mbele. Nunow alisimama akataja nasaba yake, Nunow wa Bare wa fulani wa fulani, mababu kumi wa watu wengine, bila kukosea hata mmoja, na Bwana Elimu akatikisa kichwa kwa furaha. Faduma alipewa blanketi jekundu, zawadi ya mama wa kiongozi. Arbia alikuwa nyuma, mlangoni mwa jiko langu, akinisaidia kubeba sufuria. Nikamwambia blanketi lile ni lako. Akasema Geedadde kuna joto, blanketi la nini.

Mwaka wa hamsini na moja jambo dogo lilimzindua Chifu Bare. Alikuja afisa kusikiliza kesi ya visima, na pamoja naye mkalimani, kijana aliyesoma huko chini, hana hata ndevu. Kijana aliketi kitini kivulini. Chifu Bare, na ndevu zake zilizotiwa hina, alisimama juani kutwa nzima akisubiri kijana amtafsirie. Jioni hiyo hiyo alituma watu Wajir wamlete Diriye.

Lakini kanuni ilikuwa chifu mmoja mwana mmoja, na nafasi yake ilikwisha kuliwa na mwanawe Nunow. Chifu hakukosa njia. Alikwenda kwa Mursal, karani wa shule, mtu aliyekula mbuzi wengi wa chifu kuliko fisi wa kituo kizima, akamwambia huyu Diriye ni yatima anayemlea kwa huruma yake. Mayatima waliolelewa na machifu waliruhusiwa. Mursal akauliza baba yake aliitwa nani, maana lazima aandike.

“Bare,” akasema chifu.

“Bare yupi?”

“Bare mwingine. Alikufa mwaka jana.”

Mursal akaandika. Mimi nilikuwa napanga vikombe mezani, nikasikia kila neno.

Diriye mwenyewe hakuwa mtoto mbaya. Mvivu, mcheshi, mpenda ukoko. Hesabu zake alifanyiwa na Nunow, na kwa malipo alimfundisha Nunow kuiga sauti ya chifu, mpaka mimi jikoni nikawa napotea ni nani anayeniita. Wote wawili waliijua siri yote, na wala haikuwagombanisha. Siri kubwa kama hizi huwasumbua wakubwa tu.

Basi miaka ikaenda. Mwaka wa hamsini na sita wakafanya mtihani wa mwisho. Nunow akawa wa kwanza, si Geedadde tu, wa kwanza katika shule zote za upande huu. Diriye akawa wa kumi na mbili katika watu kumi na watatu.

Na mwaka huo huo, Ulaya, sijui bwana gani mwenye moyo mwema alifungua kile kitabu cha taarifa, akaona picha za nasaba bora, akakasirika. Kwa nini serikali inasomesha wana wa machifu peke yao? Maskini je? Ikaletwa amri mpya, Ufadhili wa Mayatima. Nafasi moja kwa kila kituo, shule ya sekondari huko bara, kila kitu kimelipwa mpaka mwisho, na wakifaulu, hata chuo cha ng'ambo. Ila wana wa machifu wasiombe kabisa, kwani wamekwisha kunufaika vya kutosha.

Nilipoisikia nilicheka mpaka nikaunguza maharagwe. Tulikuwa na wana wa machifu kumi na wawili, mayatima na mafukara watupu, na wote wamezuiwa. Tulikuwa na yatima mmoja tu aliyeandikwa na serikali, na huyo ndiye mtoto pekee katika shule nzima mwenye baba chifu. Nilicheka. Halafu nikamkumbuka Nunow, kicheko kikanikauka mdomoni. Mtoto yule alikuwa anarudi kuchunga ngamia wa Bare. Miaka minane mama yake amejifanya mti, na mwisho wake ni ngamia wa Bare.

Nilimfuata Arbia mtoni, alikokuwa akisuuza vibuyu. Nilimweleza yote. Nilimwambia Bwana Elimu anakuja Ijumaa kutia sahihi nyumbani kwa chifu, aende akamwambie ukweli, apige kelele, hata ajigaragaze chini. Aliendelea kusuuza. Akasema mashauri huku husikilizwa kwa Kisomali, na mkalimani atakuwa nani? Mursal. Basi lolote atakalosema yeye kwa Kisomali litatoka upande wa pili likiwa jingine. Na neno la muuza maziwa kwa neno la chifu, nani alipime? Na Nunow akisema mwenyewe, ataonekana mwongo wa miaka minane.

Nikakaa juu ya jiwe nikamtukana Mursal peke yangu. Arbia akaweka kibuyu chini.

“Huyo Bare, baba ya Diriye, fomu inasema alikufa mwaka gani?”

“Hamsini. Kwa homa.”

Akahesabu kwa vidole. “Miaka sita,” akasema. “Na sisi hatujaenda kutoa pole. Ni aibu.”

Nilidhani jua limempiga. Mpaka Ijumaa sikujua ana nini kichwani.

Hapa kuna jambo ambalo mgeni lazima alijue. Watu wa huku hawachezi na matanga. Mtu akifa, hata awe adui yako, unakwenda, unaketi, unapeleka maziwa, unawaombea wafiwa subira na imani. Na mwenye nyumba hawezi kukufukuza. Mwizi hufukuzwa, mdai hufukuzwa, lakini aliyekuja kukupa pole hafukuzwi, ni dhambi na ni nuksi. Na mjane hukaa eda akivaa nguo nyeupe, ambayo wanawake wenzake humletea. Kumletea mwanamke nguo hiyo mumewe akiwa hai ni jambo ambalo sijui hata kama lina jina.

Ijumaa baada ya sala, uani kwa Chifu Bare, mbuzi alikwisha kuiva. Mimi nilikuwa nimeazimwa nipike pilau. Viti vimepangwa kivulini, Bwana Elimu kaketi katikati na fomu yake mezani, Mursal kushoto na kalamu, chifu kulia na sahani ya nyama. Faduma kasimama mlangoni mwa nyumba na blanketi jekundu begani, joto hilo lote. Nunow na Diriye wamepangwa pembeni, mmoja apongezwe kwa kuwa wa kwanza, mwingine afadhiliwe kwa kuwa yatima.

Ndipo wakaingia wanawake. Wauza maziwa wote wa Geedadde, kama ishirini hivi, kila mmoja na kibuyu, Arbia mbele yao na nguo nyeupe iliyokunjwa mikononi. Hawakumsalimu mtu. Waliketi chini uani, wakaweka vibuyu mbele yao, wakaanza kulia. Si kwa fujo. Kwa adabu, kama inavyotakiwa.

Chifu aliacha kutafuna. Bwana Elimu alikuwa amekaa huku mpakani miaka mingi, na nguo nyeupe aliijua. Akavua kofia. Akamgeukia Mursal amuulize nani amefariki, na Mursal, jasho linamtiririka, akasema ni mila tu, Bwana, mila za wanawake. Bwana Elimu hakuridhika. Akauliza mwenyewe kwa Kiswahili.

“Nani amekufa, mama?”

Arbia akamjibu kwa Kiswahili kile kile cha sokoni alichokuwa akinisemesha mlangoni mwa jiko langu.

“Bare. Baba ya Diriye. Karatasi yako imesema.”

Wallahi, nilisahau pilau. Bwana Elimu akatazama fomu. Akamtazama Chifu Bare, mwenye jina hilo hilo, na mfupa mkononi. Chifu akapata sauti, akasema haraka kwamba huyo ni Bare mwingine, mtu wa mbali, alikufa zamani. Arbia akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

“Basi tuonyeshe mke yake,” akasema. “Tumpe nguo.”

Na wanawake wakaendelea kuketi. Hawakuwa na haraka. Bwana Elimu akasema ni kweli, hata yeye fomu yake ina nafasi ya kuandika hali ya mjane, na haijajazwa. Mama yake kijana huyu yuko wapi?

Chifu Bare alimtazama Mursal, Mursal akatazama miguu yake. Kisha chifu akasema neno ambalo naamini angelinunua kwa ngamia ishirini wazima alirudishe kinywani.

“Mama yake yuko Banissa,” akasema. “Mwanamke mmoja tu, simjui sana.”

Mimi nilikuwa namtazama Faduma. Mwanamke huyu miaka minane alikuwa amekaa kiti cha mama wa mtoto asiyemzaa, akapokea blanketi, akapigwa picha, na sikumwona hata siku moja kuona haya. Lakini hilo la Banissa lilimfika. Alimtazama Diriye. Akamtazama mumewe, aliyemtoa mwanawe kwa mwanamke wa Banissa huku anatafuna. Alimzalia mtu huyu watoto wawili tangu afe kwa homa kwenye karatasi, na hii ndiyo shukrani. Blanketi likamdondoka begani.

“Bwana yangu hajakufa,” akamwambia Mzungu, kwa sauti iliyofika mtoni. “Ndiye huyo anakula nyama. Na Diriye nimezaa mimi, na tumbo yangu hii. Hakuna mtu ya Banissa.”

Wanawake wote ishirini wakasema alhamdulillahi, chifu ni mzima. Wakaacha kulia papo hapo. Bwana Elimu alikuwa mwekundu kuliko blanketi. Akamwonyesha Nunow kwa kalamu. Na huyu, akauliza, huyu ni wa nani?

Faduma hakumtazama chifu. “Muulize huyo ameshika nguo,” akasema.

Arbia akainuka na nguo ile nyeupe. Nilidhani sasa atasema, sasa atammaliza chifu, na mimi nilikuwa tayari kumsaidia kwa mwiko. Lakini mtu aliyefunga mdomo miaka minane haufungui mara moja. Alipofungua hakusema juu ya chifu, wala juu yake mwenyewe.

“Baba yake Abkul,” akasema. “Huyo amekufa kweli. Siku hiyo hakuna mtu alileta hata maziwa.”

Akaikunja ile nguo upya, akaketi chini. Nunow alilia. Diriye alimshika bega, naye analia. Na mimi nililia, na asemaye kwamba ulikuwa moshi wa jiko aje nimwambie.

Mngedhani sasa mambo yaliharibika. Hamuijui serikali. Bwana Elimu alikuwa na taarifa nane za mwana wa Chifu Bare, zimechapishwa, zina picha, zimesomwa Ulaya. Hakuweza kuandika kwamba miaka minane amefundisha uongozi kwa watoto wa kupoteza. Alifikiri kwa muda wa vikombe viwili vya chai. Kisha akamwambia Mursal aandike kwamba Nunow ni yatima wa marehemu Abkul, ambaye Chifu Bare, kwa ukarimu usio na mfano, alimlea kama mwanawe wa kumzaa hata akampa jina lake. Kwa hiyo ufadhili ni wa Nunow. Na kwa ukarimu huo chifu apewe cheti na nishani ndogo ya shaba. Diriye atapewa nafasi ya kujifunza ukarani kwa Mursal, ambaye ameonyesha anajua kuandika.

Chifu Bare, aliyekuwa anangoja kufukuzwa kazi, alikubali nishani. Alipigwa picha, amemshika Nunow begani. Hiyo ndiyo picha ya nne.

Ilibaki sehemu ya fomu ya kutia kidole. Arbia akainuka, akapangusa dole gumba kwenye guo lake. Lakini fomu hiyo, iliyotengenezwa na watu wenye mioyo myema kwa ajili ya mayatima wa dunia nzima, haikuwa na mahali pa mama. Ilikuwa na mahali pa mlezi. Mlezi, kwa karatasi, ni Chifu Bare. Akatia kidole yeye. Nilibwaga mwiko nikaanza kusema ninayoyajua, na Arbia akanizuia kwa mkono. Akaniuliza kama kuna pilau iliyobaki, mtoto hajala tangu asubuhi.

Lori la kwenda Garissa liliondoka Jumapili asubuhi. Kituo kizima kilitoka kumuaga Nunow, wanafunzi, machifu, wauza maziwa. Chifu alivaa nishani. Faduma alikuwapo pia, kasimama nyuma kabisa, bila blanketi, na hilo nampa, kwamba alichagua kusimama nyuma. Arbia alikuwa mbele yake kidogo, na vibuyu vyake mgongoni, maana baada ya lori kuondoka watu bado watataka maziwa. Nilikuwa nimemwambia aende kumuaga mtoto. Akasema wamekwisha agana nyumbani, na kweli walikesha.

Dereva akawasha moto. Nunow alikuwa juu, kati ya magunia, na koti la shule lililomzidi mabega. Lori likaanza kusogea. Akasimama, akashika ubao, akaita kwa nguvu zake zote mbele ya Bwana Elimu na chifu na kila mtu.

“Hooyo!”

Arbia akatazama nyuma yake, kumtafuta huyo anayeitwa. Akamkuta Faduma. Na Faduma akatikisa kichwa kwamba si yeye, akamwonyesha lori kwa kidole.